Elimu ya Muziki na Mkono wa Mpigaji: Tathmini ya Kazi ya J. H. Kwabena Nketia

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hii twaisema kila siku, na aghalabu twaisema pasipo kukumbuka kwamba mbiu ni pembe, na kwamba pembe hiyo ilipopulizwa haikukusudiwa kumburudisha mtu. Ilikuwa ikisema. Aliyeisikia akiwa shambani aliacha jembe akarudi mjini, kwa kuwa alijua ameitwa. Hapa tayari pana swali la elimu: yawezekanaje sauti isiyokuwa na neno ndani yake ikabeba habari, na habari hiyo ikafahamika kwa wenyeji wote isifahamike kwa mgeni?

Mmojawapo wa Waafrika waliotumia umri wao mzima kulijibu swali la namna hii ni Joseph Hanson Kwabena Nketia wa Ghana. Alizaliwa Mampong katika nchi ya Waasante tarehe 22 Juni 1921, na alifariki Accra tarehe 13 Machi 2019. Katika miaka hiyo alifanya kazi tatu ambazo kwa desturi hugawanywa kwa watu watatu: alitafiti muziki, aliufundisha, na aliutunga. Katika makala haya hatukukusudia kuandika wasifu wake. Tumekusudia kuipima kazi yake, na kuuliza kama kazi tatu hizo zilisaidiana au zilinyang'anyana. Tena sisi tusemao Kiswahili tuchukue nini katika urithi wake na tuache nini. Tunasema haya tukiwa watunzi wa mashairi na watumishi wa serikali, si wataalamu wa muziki. Lakini ngoma ikichezwa uwanjani, asiye mpigaji naye ana haki ya kusema alivyoisikia.

Mlango alioingilia

Habari ya Nketia haianzi na Nketia. Kabla yake alikuwapo Ephraim Amu, mwalimu na mtunzi aliyefundisha katika chuo cha ualimu cha Kanisa la Presbiteri huko Akropong. Amu alianza kutunga nyimbo za kanisa kwa lugha za kwao na kwa mapigo ya kwao, akavaa nguo ya kienyeji hata alipopanda mimbari kuhubiri. Kwa ajili ya mambo hayo aliachishwa kazi mwaka 1933. Nketia alipoingia chuo kile miaka michache baadaye hakumkuta Amu, bali alizikuta nyimbo zake. Twaona hapa somo la kwanza: mwalimu aweza kufukuzwa, lakini wimbo uliokwisha kuingia kinywani hauna hati ya kuachishwa kazi.

Mwaka 1944 Nketia alikwenda London. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba hakwenda kwanza kusoma muziki. Alikwenda kusoma lugha na matamshi katika chuo cha elimu za Mashariki na Afrika cha Chuo Kikuu cha London, chini ya mtaalamu J. R. Firth, masomo ya muziki aliyapata kisha katika Trinity College of Music, mumo humo London. Alirudi Akropong mwaka 1949 akafundisha, na mwaka 1952 akaingia chuo kikuu cha Gold Coast kilichokuwa kichanga, akiwa mtafiti. Mwaka 1958 alipata ufadhili wa kwenda Marekani, akasoma kwa mtunzi Henry Cowell na katika vyuo vingine. Mwaka 1965 akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza Taasisi ya Elimu za Afrika huko Legon, taasisi iliyofunguliwa rasmi na Kwame Nkrumah mwaka 1963.

Kwa maoni yetu, siri ya kazi yake yote imo katika mpangilio huo wa masomo. Wengi waliomtangulia kuandika juu ya ngoma za Afrika waliingia kwa mlango wa piano, wakauliza ngoma inafanana vipi na muziki wa kwao, na ilipokosa kufanana wakaiita ya ajabu. Nketia aliingia kwa mlango wa lugha. Swali lake la kwanza lilikuwa: watu hawa wanasema nini?

Sauti inayosema

Kitabu chake cha mwaka 1955 kinahusu mbolezi za Waakan, yaani nyimbo za maombolezo ambazo kwa desturi huimbwa na wanawake msibani. Mtu mwingine angeweza kuandika kwamba wanawake wanalia kwa sauti yenye huzuni, akaishia hapo. Nketia alionyesha kwamba kilio kile kina mpango. Anatajwa marehemu na majina yake. Wanatajwa wahenga wa ukoo wake. Unatajwa mji walikotoka. Kisha huja mawazo na salamu za kupelekewa waliotangulia. Mwanamke anayeomboleza anafanya kazi ya mwanahistoria huku machozi yanamtoka. Asiyeujua ukoo hawezi kuomboleza sawasawa, hata akiwa na sauti nzuri namna gani.

Katika kitabu cha mwaka 1963 juu ya upigaji wa ngoma katika jamii za Waakan aligawa upigaji katika njia tatu. Kuna ngoma ya ishara, inayotoa habari kwa mapigo mafupi yanayojulikana. Kuna ngoma ya usemi, inayofuata sauti za maneno yenyewe. Na kuna ngoma ya kucheza. Mgawanyo huu ni mwepesi kuusoma, lakini uzito wake ni mkubwa, kwa kuwa unawakataza watu kuziita ngoma zote burudani.

Ngoma ya usemi yataka maelezo. Waakan wana ngoma pacha ziitwazo atumpan, moja ya sauti ya juu na moja ya sauti ya chini. Lugha yao ya Kitwi nayo ina sauti ya juu na sauti ya chini katika silabi zake, na neno likibadilishwa sauti hubadilika maana. Kwa hiyo mpigaji akifuata kupanda na kushuka kwa usemi, msikilizaji husikia maneno. Tena, kwa sababu maneno mengi yana sauti zinazolingana, mpigaji hutumia mafungu marefu ya maneno yaliyokwisha kuzoeleka, sifa na methali, ili msikilizaji asipotee. Basi ushairi wa ngoma ulizaliwa na haja, wala si pambo.

Hapa mtunzi wa Kiswahili lazima asimame ajitazame. Lugha yetu haina sauti za namna hiyo. Ina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Ngoma zetu za pwani, vumi na chapuo na msondo, haziwezi kusema Kiswahili kama atumpan inavyosema Kitwi. Je, elimu ya Nketia haituhusu? Inatuhusu, lakini kwa njia nyingine. Ndoa ya wimbo na lugha aliyoionyesha kwa Waakan imo kwetu pia, ila mahari yake ni tofauti. Kwao wimbo hufungwa na sauti ya silabi. Kwetu hufungwa na hesabu ya silabi. Mizani 8 na 8 katika mshororo wa shairi si sheria ya karatasi; ni pumzi ya mwimbaji. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za utungaji cha mwaka 1954, aliufunga ushairi na uimbaji pamoja, na wengi wetu tulikariri sheria zile pasipo kuuliza zilitoka wapi. Nketia anatufundisha kuuliza. Kwa nini utenzi wenye mizani 8 katika kipande unaimbika usiku kucha bila kumchosha msikilizaji? Kwa nini mwimbaji wa shairi huvuta silabi ambayo msemaji haivuti, na hakuna anayemwambia amekosea? Maswali haya yana majibu, na majibu yake yako kwa waimbaji wetu wazee kabla hayajafika kwenye vitabu.

Hesabu ya kengele

Sehemu ya kazi yake inayotajwa zaidi na wataalamu ni ile ya mapigo. Katika ngoma nyingi za Afrika Magharibi kuna kengele ya chuma inayorudia pigo moja tangu mwanzo hadi mwisho, na wapigaji wote huishikilia kama wasafiri washikavyo kamba ya daraja. Nketia ndiye aliyelipa pigo hilo jina la kitaalamu. Sisi twaweza kuliita pigo la mwongozo.

Msomaji na ajaribu mwenyewe. Ahesabu 1 hadi 12 kwa mwendo ulio sawa, kisha arudi 1 pasipo kukatiza. Mkono ugonge meza katika 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Huo ni mfano mmoja mashuhuri wa pigo la kengele, unaosikika kwa Waewe wa Ghana na Togo na kwa wengine. Sasa mguu ukanyage chini katika 1, 4, 7 na 10. Ataona kwamba mkono na mguu vinakutana mara mbili tu, katika 1 na katika 10. Kwingineko mguu unaangukia mahali ambapo kengele imenyamaza. Mgeni akisikia kengele peke yake hudhani mambo yamevurugika. Mwenyeji hapotei, kwa kuwa anausikia mguu hata usipokanyaga.

Jambo hili lilizua mabishano makubwa juu ya uandishi. Padre A. M. Jones, Mwingereza aliyekuwa mmisionari katika nchi ambayo sasa ni Zambia, alichapisha mwaka 1959 utafiti mkubwa ambamo kila mpigaji aliandikiwa vipimo vyake mwenyewe, mistari isikutane na ya mwenzake. Kazi yake ilikuwa ya bidii na ya heshima. Lakini anayetazama karatasi zile hupata picha ya watu waliokaa pamoja huku kila mmoja yuko katika dunia yake. Nketia alifuata njia ya kuwaandika wote chini ya kipimo kimoja, kwa sababu wachezaji wote wana mguu mmoja. Mghana mwenzake wa kizazi kilichofuata, Kofi Agawu, aliyepata shahada yake ya udaktari Marekani mwaka 1982, aliuendeleza mjadala huu kwa ukali zaidi katika maandishi ya miaka ya 1990 na 2000, akadai kwamba ule mdundo wa Afrika unaosemwa kuwa wa ajabu kuliko yote duniani umebuniwa kwa sehemu kubwa na maandishi ya watu.

Sisi twauona uamuzi wa Nketia kuwa ni wa haki kuliko kuwa wa ufundi. Kuandika ngoma katika hali isomekayo kwa urahisi ni kukubali kwamba aliyeipiga ni mtu mwenye akili kama ya msomaji, si kiumbe wa maajabu.

Nani mwalimu?

Mwaka 1962 ulianzishwa huko Legon mkusanyiko wa ngoma wa taifa la Ghana, Nketia akishirikiana na mwalimu wa uchezaji Albert Mawere Opoku. Kwa sadfa, mwaka uo huo Tanganyika ilipokuwa Jamhuri Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mataifa mawili machanga yalikuwa yakiuliza swali moja: ngoma ya kabila itakuwaje ngoma ya taifa pasipo kufa njiani?

Jibu la Legon lilikuwa kuwaleta chuoni mafundi wa ngoma wenyewe, kutoka pande mbalimbali za nchi, wawafundishe vijana kwa mkono na si kwa kitabu tu. Hili twalisifu. Chuo kikuu kilikubali kwamba kuna elimu isiyopita katika mtihani wa kuandika. Hata hivyo halikulimaliza tatizo. Ngoma iliyohamishwa kutoka kilioni au barazani mwa mfalme ikapandishwa jukwaani hupoteza saa yake. Kijijini ngoma inakwisha jambo lake likiisha. Jukwaani inakwisha pazia likifungwa.

Tunalijua tatizo hili kwa aibu yetu wenyewe. Tulipokuwa vijana katika kazi ya utamaduni, wilaya ambayo hatutaitaja, tulikabidhiwa karatasi ya alama ya kuhukumia mashindano ya ngoma. Alama za sare, alama za kunyoosha mistari, alama za kutunza muda. Kila kikundi dakika 7. Kikundi kimoja cha wazee kilianza polepole, ngoma ndogo ikiita, kubwa ikikaa kimya. Dakika ya 7 tulipiga filimbi. Mzee aliyekuwa manju wao alitujia, akavua kofia, akasema kwa upole, "Bwana Afisa, mwanangu, umetusimamisha tulipokuwa tunapiga hodi." Tuliandika alama ndogo, kama karatasi ilivyotaka. Mwaka uliofuata kikundi kile hakikuja, na hakikuja tena.

Tulipokuja kuisoma kazi ya Nketia miaka mingi baadaye tulielewa tulichokifanya. Ile ngoma ndogo ilikuwa katika njia ya ishara. Ya kucheza ilikuwa haijafika. Tulihukumu mlango tukidhani ni nyumba. Wala hatuwezi kumlaumu aliyeitengeneza karatasi, maana filimbi ilikuwa mkononi mwetu.

Mtafiti anapotunga

Nketia alitunga nyimbo za kuimbwa pamoja na piano, na muziki wa vyombo, ukiwamo ule uitwao Antubam wa selo na piano. Wapo wanaouliza: mtu aliyezijua ngoma za Waakan hivyo, alitafuta nini katika piano? Swali hili si la busara sana. Mtunzi hujifunza kwa wazee ili asiwe kasuku wao. Sisi wenyewe tunatumia karatasi na herufi za Kirumi kuandika mashairi ambayo mababu waliyaandika kwa herufi za Kiarabu, wala hatusemi kwamba shairi limekuwa la Kirumi. Linalopasa kuulizwa ni kama mpigo wa kwao bado unatawala ndani ya chombo kigeni, na kwa Nketia mpigo huo unatawala. Na hapa utafiti ulimsaidia: alijua ni kitu gani kisichoweza kuondolewa katika wimbo wa Kiakan wimbo usife.

Mahali tusipokubaliana naye

Pamoja na sifa hizi zipo kasoro mbili ambazo mhakiki hawezi kuzifumbia macho.

Ya kwanza ni lugha. Nketia hakuidharau lugha yake. Alichapisha kwa Kitwi mkusanyiko wa nyimbo za Waakan mwaka 1949, akaandika kwa lugha hiyo tamthilia na mashairi. Lakini alipofika kwenye nadharia, alihamia Kiingereza. Wimbo ulibaki kwa Kitwi. Elimu ya wimbo ikaenda ng'ambo. Mwenyewe naye alikwenda: tangu 1969 alifundisha pia katika chuo kikuu cha California huko Los Angeles, na kuanzia 1983 hadi 1991 huko Pittsburgh. Twajua kwamba wachapishaji na fedha vilikuwa huko. Hata hivyo mpiga atumpan aliyetoa elimu ile hakuweza kusoma yaliyoandikwa juu yake, wala kuyasahihisha. Sisi wa Kiswahili hatuna udhuru huo. Tunayo lugha inayosomwa na mamilioni, tumetunga istilahi za sheria, za hesabu na za sayansi. Lakini tukitaka kueleza mdundo, pigo, mwendo na mapigo kila mmoja kwa maana yake, bado maneno haya tunayachanganya kama vikombe vya jirani.

Ya pili ni mipaka. Kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1974 kimeitwa kwa jina la muziki wa Afrika, lakini kinashughulika na Afrika iliyo kusini ya Sahara, na muziki wa Kaskazini kimeuweka upande wa Waarabu. Mgawanyo huo wafaa Kumasi. Haufai Lamu wala Unguja. Sisi tuna zumari na tari, siwa na upatu, na taarabu ambayo udi na fidla vimekaa ndani ya maneno ya Kibantu kwa amani. Wapi tuupige mstari? Pwani yetu ingeachiwa mgawanyo huo ingekaa kizingitini, si ndani wala si nje. Kasoro hii hatuilaumu sana, maana hakuna mtu mmoja awezaye kulipima bara zima. Twaitaja ili vijana wetu wasisubiri kupimwa na mtu wa mbali, hata awe ndugu.

Hitimisho

Tuliuliza mwanzoni kama kazi tatu za Nketia zilisaidiana au zilinyang'anyana. Jibu letu ni kwamba zilisaidiana kila alipokuwa karibu na wenye ngoma, na zilianza kuachana kila umbali ulipoongezeka. Mwenyewe ni kama aliyetambua hivyo, maana aliporudi kwao alianzisha Legon, mwaka 1992, kituo cha kimataifa cha muziki na uchezaji wa Afrika, na hifadhi ya sauti ya Taasisi aliyoiongoza leo inaitwa kwa jina lake. Sauti alizozikusanya alipokuwa kijana zimo humo, na mjukuu wa mpigaji aweza kwenda kumsikiliza babu yake.

Hilo ndilo tunalolitaka kwetu. Hatutaki kila mkoa uwe na profesa. Twataka kila afisa utamaduni, kabla ya kushika filimbi, akae siku moja na manju wa mahali pake amwulize ngoma hii inasema nini, nani aliitwa nayo, na inabisha hodi kwa muda gani. Ayaandike majibu kwa Kiswahili, kisha amsomee manju aliyoyaandika, naye ayasahihishe.

Yule mzee wetu amekwisha kufariki. Hatukuwahi kumwuliza kilichokuwa nyuma ya mlango ule.